Tupeane uzoefu: Land Rover Series imelala upande, springi za majani zimechoka

Mwenye uzi
Wadau, tuweke hapa tunayoyajua kuhusu springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) za Land Rover za zamani, hadi Series III iliyokoma 1985. Nianze na vipimo, maana wengi wananunua springi mpya na gari linabaki limeinama vilevile. Weka gari pahali tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, lisukume mbele na nyuma mita chache ili springi zitulie. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne. Tofauti ya sentimita moja kulia na kushoto si ya kukosesha usingizi. Ikifika tatu, ingia uvunguni: tazama bushi (mipira yenye bomba la chuma kwenye ncha za springi) zilizoliwa, chesi (fremu ya gari) iliyopinda, na jani lililokatika. Jani hupenda kukatika kwenye tundu la senta bolti (inayofunga majani pamoja katikati), hasa yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zikilegea na ekseli ikaanza kucheza.

Jiwe la Pembeni
Kuna kosa moja linarudiwa kila siku. Springi za kulia na za kushoto hazifanani. Ya upande wa dereva ina upinde mkubwa zaidi, kwa kuwa upande ule unabeba dereva na, kwenye nyingi za usukani wa kulia, tangi la mafuta lililo chini ya kiti chake. Ukizibadilishana, gari litainama hata kama zote ni mpya. Kabla ya kufunga zisimamishe mbili mbili sakafuni, vuta uzi kutoka jicho hadi jicho (matundu ya ncha zake), pima kina cha upinde. Yenye kina zaidi inakwenda kwa dereva.

Nati na Bolti
Kazi ngumu ni kuitoa, si kuirudisha. Inua gari, kalisha chesi kwenye stendi, kisha jeki ishike ekseli. Fungua shokapu upande wa chini, na usiiache ekseli ining'inie kwenye mpira wa breki.

Sasa sheko, vile vibamba viwili vinavyoshika mwisho wa springi. Kibamba kimoja kina nyuzi ndani yake. Kwa hiyo unatoa nati kwanza, halafu unaizungusha bolti yenyewe itoke kwenye kibamba. Asiyejua hili anapiga nyundo na kuharibu nyuzi zote. Mara nyingi bolti imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi: ukizungusha kichwa, unaona mpira unajisokota kisha unarudi. Hapo usipoteze nguvu. Pitisha msumeno wa chuma kati ya sheko na bushi, kata bolti pande zote mbili. Bushi iliyobaki kwenye chesi, toa mpira, kisha ingiza msumeno ndani ya bomba la nje na ulikate kwa urefu, polepole. Likikaribia kuisha utasikia mlio wa msumeno umebadilika. Acha, malizia kwa patasi, usije ukachora tundu la chesi.

Wakati wa kurudisha paka grisi kwenye bolti, na ubadilishe yubolti zote. Za zamani zimeshavutika.

Mhunzi wa Uvunguni
Kuhusu kukunja upya springi iliyolala: inawezekana, ila ikunjwe ikiwa baridi, jani moja moja juu ya fuawe, nyundo ndogondogo kutoka katikati kwenda mwisho. Fundi akichomoa gesi na kupasha sehemu moja mpaka iwe nyekundu, mwambie aache. Chuma kile kinakuwa laini palepale na kitalala ndani ya wiki. Ukitaka moto, jani zima lipashwe hadi karibu nyuzi joto 900 za Selsiasi, lizamishwe kwenye oili, kisha lirudishwe kwenye joto la 400 hadi 550. Bila tanuri lenye kipimo, hiyo ni bahati nasibu.

Kuongeza jani ni dawa ya mzigo. Ugumu wa jani hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake: nene maradufu, gumu mara nane. Jani moja nene la lori katikati ya membamba linabeba kila kitu peke yake, na linakatika la kwanza. Kama majani yametanuliwa na kutu, yafungue, piga brashi ya waya, paka grisi yenye grafaiti, na grisi isiguse mipira ya bushi.

Jiwe la Pembeni
Niongeze hapo kwa Nati na Bolti. Bolti za bushi zisikazwe gari likiwa hewani. Zifunge kwa mkono, shusha gari matairi yabebe uzito wote, litikise, ndipo ukaze. Ukikaza hewani, mpira unabaki umesokotwa muda wote gari limesimama na unachanika mapema. Yubolti rudia kuzikaza baada ya kilomita 500.