Naomba ushauri: nawaelezaje wazazi mchezo wa chialidingi hapa Lubumbashi?

Yaya wa Kampemba:
Jambo kwenu, mama zangu na papa zangu. Nafundisha watoto 14 wa miaka 9 hadi 13, wasichana 11 na wavulana 3. Tunakutana kila Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule moja. Mchezo huu nilijifunza Afrika Kusini nilipokuwa nasoma huko: muziki wa dakika mbili na nusu, watoto wanabingiria, wanaruka, wanacheza hatua moja, wanabebana kujenga mnara, na majaji wanatoa alama. Natamani siku moja wanangu hawa washindane.

Shida iko nyumbani kwao. Juzi niliita kikao, wakaja wazazi 4. Nikafungua kompyuta, nikawaonyesha timu kubwa ya Marekani: msichana anarushwa juu, anajizungusha, anadakwa. Nilidhani watapiga makofi. Wote kimya. Papa mmoja akaigonga simenti kwa kisigino, akaniuliza, "Akiponyoka, anaangukia hapa?" Nikababaika. Akamshika mwanawe mkono, wakaenda. Tangu siku hiyo watoto 3 hawaji tena. Na mama mmoja ananiambia kanisani kwao wanasema nafundisha mabinti kutikisa kiuno na sketi fupi. Niwaambie nini?

Mama wa Katuba:
Pole binti yangu. Lakini huyo papa hakukataa mchezo. Alikuuliza swali, hukumjibu. Mfuate nyumbani, kwenye lupangu lake, jioni, akishakula bukari (ugali), ukae uongee naye. Mambo ya mtoto wa mtu hayamalizwi kwa ujumbe wa simu.

Nguo ni jambo dogo. Wavalishe suruali ya michezo na fulana ndefu, uwaambie wazazi hiyo ndiyo sare, basi. Mimi nilikuwa majoreti, wale wasichana wanaotembea kwa mdundo na fanfari, bendi ya tarumbeta. Baba yangu alinuna wiki nzima, mpaka siku aliyotuona tunapita barabarani, soksi nyeupe zote zinakanyaga pamoja. Alitembea pembeni yetu mpaka mwisho. Waache waone watoto wao wenyewe, si wa Marekani.

Mwanasarakasi, Goma:
Mama amesema kweli, ile video ndiyo iliyokuponza. Ulionyesha paa kabla ya msingi. Mchezo huu una viwango 7, na watoto wako ni wa kiwango cha 1. Hapo hakuna kurusha mtu. Hakuna sarakasi za hewani, wanabingiria, wanasimama kwa mikono, wanajipindua kando kwa mikono kama gurudumu. Anayebebwa hapandi kupita mabega ya wanaombeba, na akifika mabegani lazima awepo mtu wa nyuma wa kumlinda. Wazazi wako wanayajua haya?

Kikao kijacho usihubiri. Wasimamishe wazazi wenyewe. Wawili wa chini watazamane, magoti yamekunjwa, mgongo wima, viganja tayari kupokea nyayo. Wa tatu akae nyuma, macho yasitoke kwa wa juu hata mara moja, maana kazi yake ni kichwa na shingo ya mtoto. Wa juu naye afundishwe kukaza mwili kama mti, kwa sababu mtoto aliyelegea ni mzito na anaponyoka. Wasimbebe mtu yeyote siku hiyo, wajifunze kushika tu. Na yule papa wa simenti, mpe nafasi ya nyuma.

Muuguzi wa Bukavu:
Yaya, nitasema bila kuzunguka: huyo papa ana haki. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa tamko mwaka 2012 kwamba kubebana na minara visifanywe juu ya sakafu ngumu, yenye maji wala isiyo sawa. Nyasi za msimu wa mvua nazo zinateleza. Kwa hiyo mpaka upate mikeka, simamisha kubebana. Na magodoro ya kulalia usiyatumie, mguu unazama na kifundo kinapinda.

Hereni, mikufu, shanga za nywele, vyote vivuliwe. Mtoto akigonga kichwa, siku hiyo amemaliza mazoezi hata akilia kwamba ni mzima, na aonwe na daktari. Andika kwenye karatasi nani anampeleka hospitali na nani analipa. Wazazi watie sahihi wakiwa wameelewa.

Papa wa Watatu:
Mimi nauliza pesa. Septemba tuna minervali (ada ya shule), madaftari, viatu. Niambie jumla mapema, nguo, mikeka na taksi-bisi, usinidai kidogo kidogo. Na hii si ya mabinti tu? Nina kijana wa miaka 11.

Mwanasarakasi, Goma:
Papa, wanaume ndio walioanza, Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1898. Mlete kijana, mikono ya chini inahitajika sana. Ila Yaya, usiwaahidi wazazi Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali rasmi shirikisho la mchezo huu mwaka 2021, lakini kukubaliwa si kuwa na medali kwenye michezo yenyewe.

Yaya wa Kampemba:
Asanteni sana, kweli mmenifungua macho. Jana jioni nilikwenda kwa yule papa. Nilimwambia, "Ndiyo, angeanguka kwenye simenti. Nimesimamisha kubebana." Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mkewe alete kiti cha pili. Nikamweleza kazi ya mtu wa nyuma, akasimama, akainua mikono, akaniuliza kama ndivyo inavyokaa. Ilikaa vizuri. Sasa anasema ana rafiki kwenye klabu ya judo anayeweza kutuazima mikeka Jumamosi. Inafaa?

Mwanasarakasi, Goma:
Kwa kubingiria na kusimama kwa mikono, inafaa. Iunganisheni kwa utepe mpana chini isiachane, na kila baada ya dakika chache kagueni maungio. Kupanda mabegani bado, subirini mikeka minene.

Papa wa Watatu:
Jumamosi saa ngapi?