Mshauri wa biashara naweza kuomba grini kadi kwa NIW bila mwajiri?

Mwana wa Pangani
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri, hasa mliopita njia hii ya NIW, yaani kuomba grini kadi bila mwajiri kwa maslahi ya taifa. Niko Texas kwa viza ya kazi ya H-1B, nina MBA ya huku huku, na kazi yangu ni ushauri wa biashara kwa viwanda vidogo vya chakula. Nafuatilia malighafi tangu inaposhushwa hadi bidhaa inapopakiwa, natafuta inapoharibika, kisha naandaa kumbukumbu zinazotakiwa na sheria ya usalama wa chakula ya 2011. Mwajiri hataki kunifanyia makaratasi, na miaka sita, kikomo cha H-1B, inayoyoma. Wakala mmoja ananiambia nitie saini tu, eti biashara ni uti wa mgongo wa uchumi, inatosha. Wakili naye anasema washauri wa biashara wanakataliwa sana. Nimsikilize nani? Nina mke na watoto.

Shangazi Houston
Pole mdogo wangu. Huyo wakala achana naye leo hii. USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, hawapimi umuhimu wa biashara kwa ujumla, wanapima shughuli yako wewe. Kesi ya Dhanasar ya 2016 ndiyo kipimo: shughuli iwe na thamani na umuhimu wa kitaifa, wewe uwe na uwezo wa kuitekeleza, na Marekani inufaike ikikusamehe sharti la mwajiri. Dhanasar mwenyewe alikuwa mhandisi wa vyombo vya anga. Utafiti wake ulikubalika, lakini kufundisha wanafunzi hakukutosha, kwa sababu faida haikuonekana kufika mbali zaidi ya darasa. Washauri wengi wanaanguka hapo hapo: faida inaishia kwa mteja aliyelipa.

Mwana wa Pangani
Dada shukrani. Sasa yangu inavukaje mteja? Niliandaa utaratibu wa kumbukumbu ambao viwanda vingine vimeuchukua bila mimi kwenda.

Mzee wa Makaratasi
Mkuu, hapo ndipo penye kesi yako, na mbona hukuanza na hilo! Andika mpango: utaratibu huo utaufikishaje kwa viwanda vingi, kupitia nani, kwa fedha gani. Kisha tafuta barua kutoka kwa viwanda hivyo ambavyo hukuwahi kuvifanyia kazi. Barua ya bosi wako inayosema wewe ni mchapakazi haisaidii kitu. Ya mwenye kiwanda anayeeleza alikuwa akitupa mzigo kiasi gani, na sasa anatupa kiasi gani, hiyo inasomwa. Ambatanisha na mikataba.

MBA inakuingiza EB-2, kundi la wenye shahada za juu ambamo NIW imo, ila tangu Januari 2025 wanaangalia kwa makini kama shahada inahusiana na shughuli unayoombea. Eleza uhusiano huo waziwazi.

Shangazi Houston
Na usichelewe. I-140, yaani fomu ya ombi lako hilo, ikiwasilishwa siku 365 au zaidi kabla miaka sita haijaisha, sheria inaruhusu H-1B kuongezwa mwaka mmoja mmoja, ingawa bado ni mwajiri anayekuombea nyongeza hiyo. Ukilipia huduma ya haraka, wanakujibu ndani ya siku 45 za kazi, iwe kukubali, kukataa au kudai ushahidi zaidi. I-140 peke yake haikupi wewe wala shemeji ruhusa ya kukaa au kufanya kazi, kwa hiyo usiache kazi. Huyo wakili aliyekwambia ukweli, mrudie ukiwa na barua mkononi.