Naombeni ushauri: programu huria ya kupima utofauti wa samaki kwa kufuata ukoo

MwanaTudor
Hamjambo humu. Niko Mombasa, nasoma shahada ya pili, baiolojia ya bahari. Tangu Januari naamkia madiko mawili, moja la Tudor kwenye mikoko na jingine upande wa Nyali. Madema yakimwagwa, mimi na daftari langu: tafi wangapi, pono wangapi, changu wangapi.

Programu niliyoanzia ilikuwa ya majaribio. Siku zimekwisha, imejifunga na kazi yangu ndani, na leseni yake ni kodi yangu ya miezi kadhaa. Juu ya hayo, kipimo cha Shannon, cha utofauti wa spishi, chanipa namba karibu sawa kwa madiko yote mawili, na macho yangu yanakataa. Tudor ni changu na tafi watupu, Nyali kuna mkunga, chewa, pono, hata taa. Msimamizi asema nipime kwa mti wa ukoo, ule mchoro wa spishi gani ilitengana na ipi na lini. Nianzie wapi bila pesa?

Dada_Takwimu
Macho yako yako sawa. Shannon (cha tangu 1948 hicho, kilitoka kwenye nadharia ya mawasiliano) hakijui samaki. Kinajua mafungu na ukubwa wake tu. Weka diko lenye spishi 6 za changu, kumi kumi, na diko lenye changu, tafi, pono, mkunga, chewa na nguru, kumi kumi: yote mawili yatatoa 1.79. Kwake mkunga na changu ni rangi mbili za shanga.

Unachotaka ni kipimo cha Faith, cha 1992. Unachukua mti wa ukoo, unajumlisha urefu wa matawi yote yanayowafikia samaki wako. Changu sita wanachangia sehemu kubwa ya tawi lao, kwa hiyo jumla ni ndogo. Mkunga aja na tawi lake refu peke yake.

Programu ni R. Ni ya bure na ni huria, hakuna siku ya kufungiwa. Ndani yake sakinisha vifurushi (programu ndogo za nyongeza) vitatu: vegan kwa vipimo vya kawaida vya akina Shannon na Simpson, picante kwa kipimo cha Faith, na fishtree ikuletee mti wenyewe.

Baharia_wa_Excel
Fanya Excel yaishe, yakhe.

Dada_Takwimu
Matawi utayajumlisha kwa vidole?

MwanaTudor
Ahsante dada. Nimesakinisha usiku, bando ikanikatikia katikati, lakini imekubali. Sasa picante inasema inawatoa samaki wangu kwa kuwa hawamo kwenye mti. Wote! Tafi hayumo kwenye mti wa samaki?

Dada_Takwimu
Yumo. Tazama herufi. Kwenye jedwali umeandika jina la kisayansi la tafi, Siganus sutor, kwa nafasi. R ikisoma vichwa vya safu inageuza nafasi kuwa nukta, Siganus.sutor. Mti nao unaandika Siganus_sutor. Kwa kompyuta hao ni samaki watatu. Soma jedwali kwa check.names = FALSE, kisha geuza nafasi zote ziwe mstari wa chini. Mimi hilo lilinila siku mbili, nikaapa nimeharibu utafiti.

Taa ndiye hatarudi. Mti wa fishtree ni wa samaki wenye mapezi ya miale tu. Papa na taa hawamo. Usimlazimishe. Alitengana na hao wengine zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na Faith haangalii wingi, anauliza yupo au hayupo. Taa mmoja aliyenasa siku moja atalibeba diko zima. Pima wenye mifupa peke yao na uandike wazi kwamba taa umemweka kando. Halafu ongeza kipimo cha wastani wa umbali wa ukoo kati ya samaki wawili wawili, mpd, kile kinachozingatia wingi wa kila spishi. Kimo humo humo kwenye picante.

Ami_wa_Dema
Mwanangu, mimi R siijui. Ila umeandika "changu". Changu yupi? Kuna mwenye doa jeusi kubwa ubavuni, kuna asiye nalo, na sisi dikoni twawaita changu wote, tukiwa na haraka ya kuuza. Ukiandika ulivyosikia, kompyuta yako itahesabu mdomo wetu, haitahesabu samaki.

MwanaTudor
Shikamoo ami. Hapo umenipata.

Kipimajoto
Swali moja. Kila diko umekwenda siku ngapi?

MwanaTudor
Tudor 31, Nyali 14. Bahari ikichafuka hawatoki.

Kipimajoto
Basi usilinganishe bado. Ukikaa zaidi utaona spishi zaidi, na matawi yanaongezeka nazo. Pitisha hesabu kwenye kifurushi cha iNEXT.3D, kinalinganisha madiko kwa kiwango kimoja cha sampuli. Namba ghafi za siku 31 dhidi ya 14 wasahihishaji watakurudishia mezani.

MwanaTudor
Nimerudi. Nimepekua picha za simu, changu wangu wamekuwa spishi tatu, na picha 11 zina ukungu, sijui ni nani, nimewaacha nje. Taa nje. Nyali bado iko juu kwa Faith, hata baada ya kusawazisha sampuli. Kwa mpd pengo limepungua kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mkunga walikuwa wawili tu miezi yote.

Ami, Jumamosi nipo dikoni alfajiri. Naja na kamera nzuri, usiwauze kabla sijafika.

Ami_wa_Dema
Marahaba. Wahi, mteja wa changu haogopi kamera.