Yule jamaa wa vifaa ameiriseti saa yangu, halafu anasema "imepona"!

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Jina silitaji, nyote mnamjua: yule wa filimbi shingoni, anayeshika kila kifaa cha klabu utadhani amekiunda yeye. Saa yangu ya kukimbilia iliganda kwenye lapu (mzunguko). Imeganda tu! Kuizima na kuiwasha kungetosha. Nikainama kufunga kamba za viatu, kuinuka namkuta amebana vitufe viwili, ulimi nje, anasubiri mlio. Skrini inauliza: futa data zote? Akabonyeza NDIYO. Bila hata kupepesa macho. Kisha ananikabidhi: "Imepona hiyo."

Imepona! Inaonyesha 00:00, umbali kwa maili, inaniuliza nina kilo ngapi kana kwamba hatujawahi kuonana. Mapigo ya juu ya moyo imejipigia hesabu yenyewe, 220 toa umri, zile kanda za mapigo nilizozipima kwa jasho langu kwaheri. Muda wangu bora wa kilomita 10? --:--. Siku ile nilimpita hadi upepo, ukaniomba nipunguze mwendo! Nani ataniamini sasa? Zile 2:00:35 za marathoni za Kelvin Kiptum kule Chicago 2023 zimesalimika kwa sababu huyu mtu hakupewa saa azishikie.

"Imepona hiyo." Na akatabasamu, jamani. Akatabasamu!

Soksi Moja: Pole mkuu. Ila data si zipo kwenye simu? Kama ulisinki, riseti ya saa haigusi kilichoko kwenye akaunti.

Mleta uzi: Naongelea ile NDIYO aliyobonyeza, wewe unaniletea akaunti!

Bi Lapu: Hahaha, hajasinki huyu. Na huyo "mpita upepo" juzi kapitwa na mama anayesukuma kigari cha mtoto.

Mguu Chuma: --:-- ndiyo mara ya kwanza hiyo saa kusema ukweli.

Mleta uzi: Chekeni tu. Nyie hamkuliona lile tabasamu.

Mzee wa Bwawa: Una nafuu wewe. Huyohuyo tulimpa saa ya kupimia muda kwenye kuogelea mita 200. Mita 50 za kwanza, badala ya lapu akabonyeza stopu. Muda uliobaki akatukadiria.

Soksi Moja: Akakadiria??

Mzee wa Bwawa: Mpaka sehemu za mia za sekunde. Na akaandika kwa kalamu ya wino.

Bi Lapu: Mimi pampu yangu ya baiskeli anayo mpaka leo. Nikimuuliza anapuliza filimbi.

Mguu Chuma: Pampu ya bluu? Hiyo ni yangu.

Bi Lapu: Yako ilikuwa na mpini uliovunjika, usianze.

Mleta uzi: Jamani, saa yangu...

Mguu Chuma: Subiri kwanza mkuu. Bi Lapu, huo mpini aliuvunja nani?