Eti "tangi si mtu, halihitaji kupumua"! Huyu fundi wa boti leo kavuka mpaka

Nanga Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye.

Yule bingwa. Simtaji, hakuna haja. Kila mwenye boti kuanzia Msasani mpaka Nungwi ameshaachiwa ngama (lile tumbo la chini la boti) inayonuka baada ya mkono wake kupita. Leo kaulizwa swali moja tu, la adabu kabisa: tundu la hewa la tangi la choo liwe na ukubwa gani? Jibu lake: "Tangi si mtu, halihitaji kupumua." Akacheka. Akaagiza chai.

TANGI SI MTU. Mtu mzima, ana miwani.

Kazi yenyewe ni hii: boti ya futi 38 ya kupeleka wageni 12 na mabaharia 3 kisiwani Mnemba, choo cha zamani kimekufa, tangi la zamani limevuja kwenye maungio. Mapendekezo ya bingwa: pipa la bluu la lita 60 lililokuwa na kemikali, mpira wa kumwagilia bustani, koki ya brasi ya bomba la nyumbani, na kama unalazimisha hiyo hewa yako, kitundu cha milimita 8. Kwa bei aliyotaja ungedhani pipa limechongwa kwa mpingo.

Piga hesabu ambayo yeye hakupiga. Watu 15, kila mmoja aende haja mara 2 tu kwa safari ya siku. Choo cha pampu ya mkono kinakula kama lita 3 kila unapokisukuma. Weka na maji ya kutawadhia, lita moja na nusu, maana huku kwetu watu wanajiosha na hakuna kitabu cha Kizungu kinachokumbuka hilo. Lita 4.5 mara 30 ni lita 135. Tangi halijazwi zaidi ya asilimia 80, bahari inapiga. Kwa hiyo unahitaji kama lita 170, mfano sentimita 100 kwa 50 kwa 34. Likijaa ni zaidi ya kilo 170, kwa hiyo likae chini na karibu na katikati, lifungwe mikanda. Usilitupe tezini, nyuma kabisa, ukaishangaa boti inainua pua. Pipa lake la lita 60 linabeba 48. Gawa kwa 4.5. Mtu wa kumi na moja ndiye atakayepokea habari.

Sasa hewa. Unasukuma lita 3 za uchafu ndani, lita 3 za hewa lazima zitoke. Zikikosa pa kutokea zitarudi zilikotoka, na zilikotoka kumekaa mtu. Ukija kunyonya tangi, hewa isipoingia kuta zinabonyea kama chupa ya maji mdomoni mwa mtoto, pampu inakoroma na haitoi kitu. Na harufu ndiyo hapohapo: uchafu ukipata hewa unaoza kwa utulivu. Ukikosa hewa wanatawala wale bakteria wa gesi ya yai viza, na maji ya bahari yana salfeti tele, yaani umewapikia na umewapakulia. Mpira wa hewa uwe milimita 25 kwenda juu, mfupi, ulionyooka, usio na bonde la kutuama maji. Ukiweza weka miwili, mmoja kila ubavu, upepo upite juu ya uchafu.

Tangi si mtu! Mtu naye akizibwa pua anabonyea vilevile.

Pweza Mkavu

Gazeti zima kuhusu mavi. Nimesoma lote. Nimekosa nini maishani?

Koki Ya Chini

Mkuu umekasirikia pua ukaacha shingo. Hapo kwenye orodha kuna koki ya BRASI chini ya mstari wa maji na wewe umeipita kama nguzo ya umeme. Brasi ina zinki. Maji ya chumvi yanaila zinki, inabaki shaba yenye matundu kama sponji, rangi ya pinki. Kwa nje koki inang'aa. Siku unaigeuza kwa nguvu kidogo inabaki mkononi, na bahari inaingia kwa tundu la inchi moja na nusu. Bronzi, au ile plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Si hiyo ya bomba la nyumbani.

Na hakuna aliyetaja shingo ya bata. Sinki la choo likiwa chini ya mstari wa maji, mpira wa kuingiza maji ukishaanza kuvuta hauachi, unajaza sinki, sinki linajaza boti, wenyewe mmelala. Inatakiwa mpira upande juu, kona yake iwe na vali ya kuvunja mvuto, sentimita 20 juu ya mstari wa maji hata boti ikilala upande. Kosa la mafundi wote ni kuiweka kati ya koki na pampu. Hapo pampu inavuta hewa badala ya maji, fundi anasema pampu ni feki. Kwenye vyoo vya pampu ya mkono unaondoa kile kimpira kifupi kinachotoka kichwani mwa pampu kwenda nyuma ya sinki, unaweka mirefu miwili, na shingo inakaa katikati yake. Mpira wa kutoa nao uwe na shingo yake kama unaelekea nje moja kwa moja.

Nanga Butu

Nakubali mkuu. Ila yeye hakusema "koki si mtu". Kasema TANGI.

Mwana wa Tezi

Yakhe, majahazi yamekwenda Maskati na kurudi miaka na miaka na kisanduku kinaning'inia tezini, kina tundu chini, unashika kamba unamshukuru Mungu. Hakuna vali, hakuna hesabu. Wewe unataka tangi lipumue. Kesho utataka liende hija.

Nanga Butu

Kisanduku hicho kilipumua kuliko tangi lolote duniani, sheikh. Umenisaidia hoja.

Dada wa Mtwapa

Nyinyi watu wa Bongo mnapenda kulia. Weka choo cha kuozesha basi uachane na tangi na koki zote. Hakuna tundu chini ya boti hata moja. Mkojo unaenda chombo cha mbele, kigumu kinaanguka nyuma kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa, unazungusha mkono, feni ndogo inatoa unyevu nje.

Bi Ngama

Dada yangu, choo hicho kinataka ukavu. Mtu wa pwani akishaingia na kopo lake la maji, yale makumbi yanakuwa uji kabla ya adhuhuri. Tena kwa wawili wanaoishi botini kinawezekana. Kwa watu 15 wa siku moja chombo cha mkojo utakimwaga kila baada ya saa chache, na hao wageni hawatakaa pale ulipowaelekeza.

Na huyo aliyeweka mpira wa bustani aulizwe kiama. Mpira wa kawaida harufu inapenya ukutani mwake hata kama hauvuji tone. Kipimo: chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, kamua, kizungushie mpira mpaka kipoe, kitoe, kinuse mbali na boti. Kikinuka, mpira umekwisha. Hakuna uturi wa kukusaidia, hata ubani utashindwa. Nunua ule wa vyoo vya meli, wa milimita 38, ukuta mnene, ndani laini. Ni mgumu kuinama kama mkwe, kwa hiyo uchovye ncha kwenye maji ya moto, paka sabuni ya vyombo, sukuma. Klipu mbili kila ncha, skrubu zake zitazame pande tofauti. Na usiache bonde ambapo uchafu unalala, hapo ndipo mpira unapoanza kunuka kwanza.

Pweza Mkavu

"Mgumu kuinama kama mkwe" 😂 Bi Ngama una mkwe gani?

Volti Kumi na Mbili

Kwa nini mnasukuma kwa mkono mwaka huu? Weka cha umeme cha kusaga. Unabonyeza, sekunde chache, kwisha.

Koki Ya Chini

Kinavuta ampea 15 mpaka 20. Waya wa milimita mraba 2.5 ambao mafundi wanaupenda, kwa mita 10 kwenda na kurudi unapoteza zaidi ya volti 1. Mota inazunguka kivivu, kisu hakikati, kinasokota. Unafungua unakuta uzi wa nazi, nywele na tishu zenye unyevu za wageni zimesukwa mkeka. Weka waya wa milimita mraba 10, unapoteza kama volti 0.3. Fyuzi iwe ile iliyoandikwa kwenye kijitabu cha choo, karibu na betri. Na kaa na pampu ya mkono ya akiba, kwa sababu betri itakufa siku ambayo wote wamekula pweza.

Mtu wa Kilifi

Mimi nawaambia wekeni choo cha Lavac. Mfuniko unabana, unasukuma pampu kubwa ya ngama, ule mvuto ndio unaingiza maji ya kusafishia. Hakuna vali ndogo ndogo ndani ya choo. Kikigoma ni mambo mawili: raba ya mfuniko imechoka, au kile kitundu kidogo cha hewa kwenye shingo ya mpira wa maji kimeziba au mtu amekipanua. Pampu iko mbali na sinki, ikiziba huinamii alipokaa mwenzio.

Nanga Butu

Asante ndugu, hiyo ndiyo aina ya jibu niliyotarajia kutoka kwa bingwa. Badala yake: "tangi si mtu." Na kijana wake naye akacheka! Kijana wa kubeba spana!

Mwana wa Tezi

Kijana alikucheka kwa sababu ulikasirika. Sisi wote tungecheka.

Bi Ngama

Tangi lenyewe mkuu umeamua la nini? Usirubuniwe na la alumini, mkojo na chumvi vinaanza na maungio ya kuchomelea. Chuma cha pua kinakufa palepale kwenye maungio. Mifuko ya raba inasuguka kwenye mbao mpaka itoboke. Plastiki ya polithini, ukuta wa milimita 9, matundu yote yakae juu: la kuingizia, la hewa, la kunyonyea lenye bomba linaloshuka mpaka sentimita 2 au 3 juu ya sakafu, na mlango wa mkono kuingia. Boya la kupimia ujazo lisikae ndani, litaganda siku ya tatu. Weka kipimo cha kubandika nje.

Mbunge wa Bandari

Naomba kuuliza sheria. Ule mkataba wa kimataifa wa uchafu wa meli, kiambatisho cha nne, unashika meli za safari za kimataifa zenye tani 400 kwenda juu au zenye kibali cha watu zaidi ya 15. Mkuu ana watu 15 kamili na haendi ng'ambo. Kwa hiyo hamumo. Uzi ufungwe.

Nanga Butu

Hatumo lakini matumbawe yamo. Hata hao walioshikwa wanaambiwa uchafu usiotibiwa umwagwe zaidi ya maili 12 toka nchi kavu, chombo kikienda kwa mwendo usio chini ya noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Mkondo wa Unguja hauzidi sana maili 20, ukikaa katikati uko maili 10 kutoka kila upande. Ndiyo maana tangi linakuwa kubwa, mkuu. Ndiyo maana linahitaji kupumua. Ndiyo maana MTU MWENYE MIWANI hawezi kusema

Pweza Mkavu

Amekata simu.

Dada wa Mtwapa

Na chokaa je? Mbona hakuna anayezungumzia chokaa? Mkojo ukikutana na maji ya chumvi unajenga mwamba ndani ya mpira. Milimita 38 inakuwa 20 na wewe unamlaumu fundi. Siki lita moja kila wiki, sukuma kidogo ifike kwenye mpira, iache usiku. Vali ya mdomo wa bata, ile raba inayozuia uchafu kurudi, ibadilishwe kila mwaka, au mara tu maji yanapoanza kurudi sinkini yenyewe. Jiki hapana, inachosha raba, na ikikutana na siki inatoa klorini mkiwa mmejifungia chumba cha kimo cha mbuzi.

Volti Kumi na Mbili

Klipu zenyewe za siku hizi feki. Wanaandika 316, yaani chuma cha pua cha baharini, mwezi mmoja zina kutu. Nendeni na sumaku dukani.

Koki Ya Chini

Sumaku haitenganishi 304, chuma cha pua cha kawaida, na 316. Zote mbili kwa kawaida hazishiki, na 304 ikishakunjwa inaweza kushika kidogo. Angalia skrubu: wanaweka mkanda mzuri na skrubu ya chuma cha kawaida. Hiyo ndiyo inayoshika sumaku, na ndiyo inayooza.

Volti Kumi na Mbili

Kwa hiyo niende na sumaku au nisiende?

Koki Ya Chini

Nenda nayo, iguse skrubu.

Mtu wa Kilifi

Huku skrubu ni nafuu. Kuna jamaa anatuuzia petroli yenye maji, injini ya nyuma inakohoa katikati ya mlango wa hori mkondo ukitoka. Huyo naye mnamjua.

Mbunge wa Bandari

Tunamjua! Anachanganya kwenye lile dumu la njano. Chuja kwa faneli yenye kichujio cha kuzuia maji, utaona yanavyobaki chini.

Nanga Butu

Wakuu, tangi.

Mwana wa Tezi

Kuna anayejua kilo ya brasi chakavu wananunua shilingi ngapi sasa? Nina koki sita, zimegeuka pinki lakini uzito upo.