Wauza spea wa mjini, acheni kutuuzia ugumu mkauita "shokapu za resi"

Assalaam aleikum wadau. Uzi huu mrefu na nimeuandika kwa hasira, asiyetaka kusoma apite.

Mdogo wangu ana Toyota Altezza. Anakwendea kazini kila siku kutoka Fuoni, na bara ikiandaliwa siku ya kukimbiza gari, eneo limefungwa na watu wa usalama wapo, tunaivusha na meli tunakwenda. Hapa Unguja hatuna uwanja wa mbio. Barabara ya Tunguu si uwanja, na nyie mnaokwenda kujaribia gari pale usiku mtakuja kuua mtoto wa mtu.

Shokapu zake za kiwandani zilikuwa zimechoka. Akaenda kwa muuzaji mmoja mjini, akamweleza kila kitu: gari gani, anapita njia zipi, na kwamba uwanjani anakwenda mara chache kwa mwaka. Akauziwa koilova (shokapu iliyovikwa springi yake, na kimo chake kinarekebishika) za mtumba kutoka Japani kwa zaidi ya milioni moja, na maelezo aliyopewa ni haya tu: "Hii ngumu, ndiyo ya resi."

Nikaenda mwenyewe. Nikamuuliza yule bwana, springi za mbele ugumu wake kilo ngapi? Hajui. Za nyuma je? Hajui. Shokapu zenyewe zimeundwa zifanye kazi na springi ya kilo ngapi? Akanambia, "We kaza hiyo ringi inayobana springi, ukizidi kukaza inazidi kuwa ngumu." Mtu anauza kitu cha milioni na hilo ndilo analolijua!

Springi ya kawaida, iliyosokotwa sawasawa juu mpaka chini, haibadiliki ugumu kwa kukazwa. Ikiwa ni ya kilo 8, maana yake kila milimita unayoibana inataka kilo 8, uwe umeikaza au umeilegeza. Ringi ile inabadilisha kimo cha gari, au nafasi inayobakia kwa shokapu kwenda juu na kushuka, inategemea koilova ilivyoundwa. Ukitaka ugumu mwengine, unanunua springi nyengine. Basi.

Na shokapu haibebi gari. Anayebeba gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza: mafuta yanasukumwa kwenye vitundu vyembamba, mtikisiko unageuka joto. Kwa hiyo viwili hivi lazima viendane. Springi ikiwa ngumu mara mbili, shokapu nayo inatakiwa izuie zaidi, kiasi cha mara 1.4, ili gari itulie vile vile kama mwanzo. Ukiweka springi ya kilo 10 kwenye shokapu dhaifu, gari inadunda, na ikishaanza kudunda haikamatiki. Ukifanya kinyume chake, shokapu kali kwenye springi laini, ukipita mashimo ya mfululizo gari inazidi kuzama, kwa sababu springi haiwahi kurudi juu kabla ya shimo la pili. Ndio maana nilimuuliza kilo. Sikuwa nikimtega.

Kinachoshika barabara ni tairi. Likinyanyuka juu ya lami hata kitambo kidogo, kitambo hicho huna breki wala huna kona. Seti za namna hii nyingi zilichaguliwa na wenyewe huko Japani kwa viwanja kama Tsukuba, mita 2,045 za lami iliyonyooshwa vizuri. Hata huko Ulaya, wanaokwenda kwenye mzunguko mrefu wa Nürburgring, karibu kilomita 21 zenye mabonde na miinuko, wanashauriana wasiweke springi ngumu mno, maana gari inarukaruka. Sasa njia ya Paje inafanana na upi? Pale Jozani kuna matuta, yamewekwa ili kima punju wasigongwe, na ni haki yao. Gari iliyoshushwa ikifika pale, shokapu inalalia kile kimpira cha kikomo na springi haina kazi tena. Uwanjani ni hatari zaidi: uko katikati ya kona, kimpira kinafikiwa, upande ule unakuwa mgumu ghafla na tairi linaachia. Halafu dereva anaambiwa hajui kuendesha.

Haikuishia hapo. Nyuma gari ilikaa juu kuliko mbele, na fundi wa dukani akatoa grenda akataka kukata springi! Wallahi nilimshika mkono. Springi yenye misokoto sita inayofanya kazi, ukiikata mmoja na nusu, inakuwa ngumu kwa theluthi nzima zaidi, na shokapu ni ile ile. Ncha iliyokatwa haikai kwenye kitako chake. Gurudumu likining'inia, springi inaweza kuchomoka mahali pake. Mnawakatia watu springi kila siku, na watu hao wanapakia watoto.

Haukupita muda, shokapu ya mbele kushoto ikaanza kutoa mafuta. Nilipoisafisha nikakuta rangi nyeusi ya kupuliza imepigwa juu ya uchafu wa mafuta. Kwa hiyo walijua. Na nyuzi za skrubu za kurekebishia kimo zimeshikana kwa kutu, hazizunguki hata kwa spana yake. Gari za kaskazini ya Japani zinapita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, zikija huku zinakutana na upepo wa bahari. Muuzaji anayajua haya kuliko mie. Jibu lake: "Mtumba hauna garantii." Sote tunaishi kwa mtumba, hakuna anayekataa. Lakini kuficha kitu kibovu kwa rangi ni wizi.

Kijana yule alitakiwa aambiwe nini? Altezza ilianza kutoka 1998 ikasimama 2005. Mpira wa bushi uliokuja nayo umeshapita miaka 20. Aanze na bushi na boljointi, yaani viungo vya mikono inayoshika gurudumu, kwa sababu mkono huo ukicheza, alaimenti (ule mpangilio wa magurudumu yakae sawa) haishiki hata ukafunga shokapu za dhahabu. Kisha matairi, na asome zile tarakimu nne za ubavuni: 1417 ni wiki ya 14 ya mwaka 2017. Kisha mafuta ya breki. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzijoto 230, ikishanyonya unyevu kiwango chake kinaweza kushuka mpaka 155, na kwa unyevu wa kisiwa hiki hilo halikawii. Uwanjani breki zikipata moto mafuta yakachemka, ndipo pedali inapozama. Baada ya hayo yote, shokapu mpya za kampuni ya KYB na springi za kiwandani zingemtosha kabisa, na pesa ingebaki.

Hakuna hata moja katika haya alilotajiwa. Kilichotazamwa ni kijana, pesa mkononi, na neno "resi".

Risiti ninayo, picha za rangi iliyopulizwa ninazo. Nimempa muda arudishe pesa zote, si nusu kama anavyotaka. Asiporudisha nayapeleka malalamiko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Mliouziwa seti kama hii, fungueni gurudumu mtazame leo, msingoje Jumapili. Futeni shokapu kwa kitambaa, zungukeni kilomita chache, tazameni tena. Ikiwa imelowa, wekeni picha hapa chini. Na nani anaijua gereji ya mjini au hata Chake inayopiga alaimenti kwa mashine na kukupa karatasi ya vipimo?