Mtu asiye na kitu atalipaje gharama za kujitangaza mufilisi?

Jahazi_Langoni:
Assalamu aleikum wana baraza. Ninamuulizia mvuvi mmoja wa hapa Lamu. Mikopo ya simu, duka la vipuri na sacco vinafika shilingi 370,000. Boti ilikuwa rehani, mkopeshaji keshaichukua. Zimebaki nyavu na vyombo vya ndani. Ameshauriwa aombe kutangazwa mufilisi Mahakama Kuu ya Malindi, lakini ukijumlisha wakili, ada ya mahakama, amana na tangazo la gazetini, hilo ni deni jingine. Kuna mfuko wowote unaolipia?

Mui_wa_Kale:
Aende msaada wa kisheria wa serikali. Kuna sheria ya 2016, asiyejiweza hupewa wakili bure.

Karani_wa_Pwani:
Kaka Mui, hapo utamtuma bure. Sheria hiyo hiyo ya Msaada wa Kisheria imetaja mambo isiyoyagharimia, na ufilisi umo, pamoja na kodi, kashfa na kesi za kudai madeni. Atavuka hadi Mokowe, apande basi mpaka Malindi, kisha arudishwe mlangoni.

Jahazi, kabla ya kutafuta mtu wa kulipia mahakama, tazameni kama mahakama yenyewe inahitajika. Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa wasio na mali. Ombi linapelekwa kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Jaji hahusiki, kwa hiyo wakili si lazima. Masharti: madeni yasipungue 100,000 wala kuzidi 400,000, asiwe na mali ya kuuzwa kulipia wadai, asiwe amewahi kutangazwa mufilisi wala kuingia utaratibu huu, na mapato yake yaonyeshe kweli hawezi kulipa. Akikubaliwa, wadai walioorodheshwa hawaruhusiwi kuendelea kumdai. Miezi 12 ikipita bila tatizo, anaachiliwa. Ufilisi wa mahakamani huchukua miaka 3 tangu awasilishe taarifa yake ya mali na madeni.

Sasa swali langu: je, bakaa ya boti imo kwenye hizo 370,000? Mkopeshaji akiiuza kwa bei ndogo kuliko deni, kilichopungua kinabaki kuwa deni la mvuvi. Pengo lake na kikomo ni 30,000 tu, na riba za mikopo ya simu hazilali. Shilingi 401,000 zinamtoa nje kabisa.

Jahazi_Langoni:
Bakaa haimo. Na nyavu je, zitahesabiwa mali?

Karani_wa_Pwani:
Basi aandike barua leo kwa mkopeshaji, adai hesabu ya mauzo: boti iliuzwa lini, kwa kiasi gani, gharama gani zimekatwa. Asikubali kutajiwa kwa mdomo.

Nyavu za kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani kwa kawaida haviguswi, ila kwa kiwango kilichowekwa. Avitaje vyote kwenye fomu hata hivyo. Wengi huangukia hapa: mtu anaficha mashine ya boti kwa shemeji, au anaacha kutaja punda, ikagundulika, ombi linakataliwa kwa udanganyifu. Hata kukopa huku akijua hana njia ya kulipa kunaweza kumnyima nafasi. Kwa hiyo mkopo mpya wa simu wa kulipia nauli au fomu, asiuguse.

Orodha ya wadai isitoke kichwani. Kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka shirika la taarifa za mikopo. Aiweke pamoja na taarifa ya M-Pesa na daftari la duka la vipuri, maana deni la dukani halionekani kwenye ripoti hizo.

Bi_Hesabu_Malindi:
Nyongeza mbili, wanangu. Ya kwanza ni sacco: waliomdhamini hawaponi. Yeye akiachiliwa, wadhamini bado wanadaiwa, kwa hiyo awaeleze kabla hawajasikia kwa watu. Na asiwalipe wao au ndugu zake kwa siri akiacha wadai wengine. Ikija kuwa ufilisi wa mahakamani, malipo ya upendeleo yanaweza kurudishwa.

Ya pili, msaada wa pesa. Mdaiwa asiyeweza kulipa ni miongoni mwa makundi manane ya wanaostahiki zaka, wale *gharimina*. Hakuna haya hapo. Aende kwa kamati ya msikiti na karatasi mkononi: orodha ya madeni na gharama halisi ya safari, nakala na kiapo. Wakitaka kusaidia, bora walipie gharama hizo, au wapunguze deni ikiwa bakaa ya boti itamvusha kikomo. Zawadi ya jamaa pia ni sawa, ila iandikwe kuwa ni zawadi. Ikiitwa mkopo, ni mdai mwingine kwenye orodha.

Mui_wa_Kale:
Nimekubali kosa. Na ikivuka 400,000?

Karani_wa_Pwani:
Kama ana kipato kidogo cha kuaminika, aulizie amri ya kulipa kwa awamu. Hiyo nayo hutolewa na Mpokeaji Rasmi. Isipowezekana, ndipo Malindi. Huko aombe msamaha wa ada kwa kiapo cha ufukara. Kanuni yake, Amri ya 33 ya mwenendo wa kesi za madai, iliandikwa kwa ajili ya wanaofungua mashtaka, kwa hiyo asiihesabu kama haki yake. Ombi hukataliwa kama mtu ametoa mali kwa hila ndani ya miezi 2 iliyotangulia. Msamaha huo haulipii gazeti. Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa na hutoa ushauri bure. Awaonyeshe karatasi kabla ya kuapa.

Jahazi_Langoni:
Ahsanteni. Barua ya kudai hesabu ya boti inaandikwa leo.